Utafutaji wa Maneno ya Kiswahili katika Hazina za Tasnifu: Uhakiki wa Muunganisho wa DSpace na Solr

Mtafiti anayeandika sura ya kwanza ya tasnifu hulazimika kuonesha pengo la utafiti. Siku hizi pengo hilo huthibitishwa, kwa kiasi kikubwa, na kisanduku cha kutafutia. Neno huandikwa, jibu hurudi kuwa hakuna kilichopatikana, na madai kwamba mada haijawahi kutafitiwa huwekwa kwenye ukurasa bila wasiwasi. Makala haya yanadai kuwa wasiwasi unahitajika. Muunganisho kati ya programu ya wavuti na hifadhidata ya utafutaji unaweza kuwa hai na wa haraka, na bado usiijue lugha ya kazi zilizohifadhiwa humo.

DSpace, iliyotolewa mwaka 2002 na MIT kwa kushirikiana na kampuni ya Hewlett-Packard, hutumiwa na hazina nyingi za vyuo vikuu. Yenyewe haitafuti. Ombi la msomaji hupelekwa kwa Solr, injini iliyoanzishwa na Yonik Seeley mwaka 2004, nayo hurudisha orodha ya kazi zinazolingana na ombi. Tasnifu mpya ikiidhinishwa, maneno yake huingizwa kwenye faharasa na huanza kupatikana baada ya muda mfupi, bila seva kuzimwa na kuwashwa. Kwa upande huo muunganisho unastahili sifa unazopewa.

Kasoro imo katika hatua inayotangulia faharasa. Kila neno, la tasnifu na la msomaji pia, hupitishwa kwenye kichujio kinacholipunguza hadi kwenye kile kinachodhaniwa kuwa shina. Usanidi unaokuja na DSpace hutumia kichujio cha Kiingereza, kilichotokana na kanuni aliyoichapisha Martin Porter mwaka 1980 kwa ajili ya kukata viambishi tamati. Kiswahili hubeba umoja na wingi mwanzoni mwa nomino. Kwa hiyo "mwanamke" hukatwa na kuwa "mwanamk", na "wanawake" huwa "wanawak": kisu kimepita mkiani, pasipokuwa na cha kukata, na tofauti iliyo kichwani imebaki vilevile. Anayetafuta "mwanamke" hataletewa tasnifu ambayo anwani na ikisiri yake vinataja "wanawake" pekee. Ajabu ni kwamba rekodi ya kila kazi ina sehemu ya kutaja lugha, na wakutubi huijaza kwa uaminifu, ila kichujio hakiisomi.

Huenda ikajibiwa kuwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981) nayo hupanga nomino kwa umbo la umoja, hivyo "vitabu" hapatikani chini ya V. Ulinganisho huo haufai. Mtumiaji wa kamusi amefunzwa kurudisha wingi kwenye umoja kabla ya kufungua ukurasa, na asipoliona neno hujua kuwa yeye ndiye aliyekosea mlango. Kisanduku cha kutafutia hutoa sifuri, na sifuri husomwa kama ushahidi.

Tiba mbili hupendekezwa mara nyingi na mafundi. Ya kwanza ni kinyota: "*tabu" huleta kitabu na vitabu, pamoja na tabu za kila aina, na huigharimu injini kwa kuwa inalazimika kupekua orodha nzima ya maneno. Ya pili ni kuvunja maneno katika vipande vya herufi tatutatu. Kwa "kitabu" na "vitabu" inafaa, maana vipande vitatu kati ya vinne ni vilevile. Kwa "mwanamke" inapotosha vibaya. Neno hilo lina vipande viwili tu vinavyopatikana pia katika "wanawake", ilhali katika "mwanamume" vimo vinne. Mtafiti wa masuala ya jinsia ataletewa wanaume kwanza!

Njia iliyo bora ni ya kiisimu. Solr hupokea faili la visawe, ambamo jozi za umoja na wingi zinaweza kuorodheshwa: jino na meno, mwandishi na waandishi, ufunguo na funguo. Kazi hiyo inachosha, lakini nomino za kamusi zina mwisho, na idara za Kiswahili zina wanafunzi wanaozijua ngeli kuliko fundi yeyote wa seva. Kosa la hazina nyingi ni kumwachia fundi peke yake uamuzi ambao ni wa mofolojia.

Vitenzi ni vigumu zaidi. "Wanaosomeshwa" na "hakusomea" havitaorodheshwa vikaisha, kwa kuwa nafsi, njeo, ukanushi na minyambuliko huzidishana. Hapo itahitajika programu ya kuchanganua mofimu, inayowekwa mahali pa kichujio cha Kiingereza na kutumika pale tu rekodi inaposema kuwa kazi ni ya Kiswahili.