"Wanachama Waliopo" ni Wepi?

Katika kazi ya kufasiri kanuni na mikataba, kivumishi cha Kiingereza "present" huhesabiwa kuwa neno jepesi. Mfasiri akikutana nacho huandika "waliopo" au "wa sasa", kisha huendelea na kazi yake. Hivi karibuni nilipewa kuipitia rasimu ya katiba ya chama kimoja iliyofasiriwa kwa namna hiyo, nami nikaona kwamba uzembe huo mdogo waweza kuvunja mkutano.

Kwa Kiingereza, maana ya kivumishi hiki hutegemea mahali kinapokaa. Kikitangulia jina, "the present members", maana yake ni wanachama wa wakati huu. Kikifuata jina, "the members present", ni wale walio kikaoni. Sisi sifa zetu kwa kawaida hufuata jina; kwa hiyo tofauti ambayo Mwingereza huionyesha kwa mpangilio, hatuna budi kuionyesha kwa neno lenyewe.

Rasimu ile ilisema kwamba katiba itarekebishwa kwa kura za theluthi mbili za "wanachama waliopo". Ni wepi hao? Mtu akisema "viongozi waliopo", msikilizaji hufahamu viongozi walio madarakani. Kwa kipimo hicho hicho, wanachama waliopo ni wote walioandikwa daftarini. Chama kikiwa na wanachama 60, na 36 tu wakafika mkutanoni, kwa maana moja zatakiwa kura 40, wala hazitimii hata wakikubaliana wote. Kwa maana ya pili kura 24 zatosha. Mwenyekiti ashike ipi?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945 haukuliacha jambo hili hivi hivi. Kifungu cha 18 kinataka mambo muhimu yaamuliwe na theluthi mbili za wanachama walio kikaoni na wanaopiga kura. Kifungu cha 108, kihusucho marekebisho ya Mkataba wenyewe, kinahesabu, pamoja na masharti mengine, theluthi mbili za wanachama wote wa Baraza Kuu. Tena kanuni za Baraza hilo zaeleza kwamba asiyeunga mkono wala kupinga hahesabiwi kuwa amepiga kura. Kumbe hata wenye lugha yao hawakuliamini neno hilo peke yake!

Wako wanaopendekeza "waliohudhuria". Ni afadhali, lakini aliyejiandikisha asubuhi akaondoka kabla ya kura naye amehudhuria, na jina lake limo katika kumbukumbu za mkutano. Kwa maoni yangu, "waliomo kikaoni" ndiyo tafsiri ya kushika, hasa inapohesabiwa akidi. Kiambishi "-mo" kinafunga mlango: aliye nje hayumo. Kiingereza hakina chombo kama hiki, nasi tunakiacha kishike kutu.

Mkataba huo huo hujitaja kuwa "the present Charter". Anayeandika "Mkataba wa sasa" humfanya msomaji aulize wa zamani uko wapi. "Mkataba huu" yatosha.

Rasimu nimekwisha kuisahihisha, isipokuwa kifungu kimoja kinachotaja "kamati iliyopo". Kiingereza chake nacho kimeandikwa ovyo, kwa hiyo nimewarudishia wenye chama waseme wenyewe wanakusudia kamati ipi.