Jina Chini ya Mchoro

Mama mmoja wa usharika alitujia ofisini akiwa na daftari la mwanawe. Kijana huyo alikuwa katika darasa la kipaimara, na daftari lilipaswa kuwa na maelezo ya Amri Kumi. Tulikuta maelezo ya amri tatu tu. Kurasa zilizobaki zilijaa watu wenye majoho wakiruka juu ya maghorofa, mtu mwenye makucha ya chuma, na mabango ya filamu yaliyonakiliwa kwa penseli kwa uangalifu mkubwa. Mama akauliza: “Mchungaji, hii si ibada ya sanamu?” Tulijibu haraka, kama tunavyojibu wachungaji wakati watu wengine wanasubiri mlangoni. Tulimwambia amnyang’anye. Kijana alimaliza mafundisho, akabarikiwa, na baada ya siku ile hatukumwona kanisani kwa muda mrefu.

Hatusemi kwamba daftari ndilo lililomwondoa. Lakini tumelikumbuka mara nyingi, na hapa tunajaribu kulijibu swali la mama yule upya, safari hii bila haraka.

Kijana yule hakuwa peke yake katika mapenzi yake. Mwaka 1970, katika mji wa San Diego huko Marekani, watu wapatao 300 walikusanyika hotelini kwa siku tatu ili kuzungumza juu ya hadithi za katuni na filamu. Leo mkusanyiko huo, uitwao Comic-Con, huvuta zaidi ya watu 130,000 kila mwaka. Ukumbi wake mmoja huchukua watu wapatao 6,500, na wapo wanaolala nje usiku kucha ili asubuhi wapate kiti. Wengine huja wamevaa kama wahusika wanaowapenda, mavazi waliyoyashona wenyewe kwa miezi mingi.

Lakini sehemu inayotugusa zaidi ni ile yenye meza za wachoraji. Mpenzi wa katuni huja na daftari la kurasa nyeupe, hupanga foleni, kisha humwomba mchoraji amchoree mhusika fulani. Wapo wanaotunza daftari la mhusika mmoja tu, aliyechorwa na mikono mingi tofauti. Mpenzi husimama, hutazama penseli ikitembea, huuliza maswali, na huondoka na karatasi ambayo haina pacha wake duniani. Sisi tuliokua tukigombania gazeti la Sani, ili tuone Ndumilakuwili na Lodi Lofa wamefanya nini safari hii, hatuna haki ya kujifanya hatuielewi furaha hiyo.

Je, ni ibada ya sanamu? Kanisa letu lilikutana na swali hili mapema sana. Dkt. Martin Luther alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, mwenzake Andreas Karlstadt alifundisha huko Wittenberg kwamba picha zote ziondolewe makanisani, na watu wakaanza kuzivunja. Luther alirudi Machi 1522, akahubiri siku nane mfululizo. Alikubali kwamba picha zinaweza kutumiwa vibaya. Hata hivyo alionyesha kuwa vitu vingi vyema hutumiwa vibaya, nasi hatuviangamizi kwa sababu hiyo, na kwamba sanamu iliyo moyoni haiondolewi kwa nyundo bali kwa Neno. Septemba mwaka huohuo Agano Jipya lake la Kijerumani lilitoka, na kitabu cha Ufunuo kilikuwa na picha 21 kutoka karakana ya rafiki yake Lucas Cranach. Ukizitazama leo, pamoja na lile joka lenye vichwa saba na wale wapanda farasi wanne, utadhani umefungua kitabu cha katuni.

Katika Katekisimo Kubwa Luther anafundisha kwamba mungu wa mtu ni kile ambacho moyo wake unakitumainia. Kwa kipimo hicho, daftari la kijana linaweza kuwa sanamu. Kiwanja kinaweza pia, na shahada, na gari, na cheo cha mzee wa kanisa. Kosa letu siku ile lilikuwa kuikagua karatasi bila kuuliza habari za moyo.

Lakini tukisema kwamba picha si dhambi, bado hatujasema kama ni nzuri. Mkristo anaruhusiwa, na hata anapaswa, kupima. Tupime basi mabango ambayo kijana yule aliyanakili.

Mengi yalikuwa kazi ya Drew Struzan, Mmarekani aliyechora mabango ya Star Wars, Indiana Jones na Back to the Future. Katika mabango yake mengi nyuso hupanda moja juu ya nyingine kama mlima, na mwanga wa dhahabu huziangukia kutoka pembeni. Kila uso umetazamwa kwa upendo, na mtu anayepita barabarani anaahidiwa kwamba ndani kuna jambo kubwa. Udhaifu wake uko papo hapo: dhahabu ile humwangukia kila mtu, na hata hatari inaonekana kama sikukuu.

Lipo bango lake moja la namna nyingine, la filamu The Thing ya mwaka 1982. Mtu amesimama katika barafu, amevaa koti zito lenye kofia, na mahali palipopaswa kuwa na uso panatoka miali ya mwanga mkali. Struzan alikuwa hajaiona filamu. Alipewa maelezo machache kwa simu, akachora usiku kucha, na asubuhi kazi ikachukuliwa rangi ikiwa bado mbichi. Filamu yenyewe imejaa damu na miili inayoraruka, wala hatumshauri mzazi amwonyeshe mtoto. Bango halina hata tone la damu. Linatisha kwa sababu limekataa kuonyesha. Tulipolitazama tulikumbuka Kutoka sura ya 33, ambako Musa anaambiwa kwamba hawezi kuuona uso wa Mungu. Tofauti ni kubwa, maana kiumbe wa filamu hujificha ili aue, na Bwana aliuficha uso wake ili Musa aishi. Hata hivyo mchoraji yule alikuwa na adabu ya kutochora kisichochoreka. Sisi wahubiri tumewahi kueleza mbingu na jehanamu kwa vipimo kamili, kana kwamba tumerudi kutoka huko juzi. Tungejifunza kwake.

Karibu nasi zaidi, huko Ghana, miaka ya 1980 na 1990, wenye video walizunguka mijini na vijijini wakiwa na runinga, deki na jenereta. Kila filamu ilihitaji bango, na wachoraji waliyachora kwa mkono juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja. Mara nyingi mchoraji hakuwa ameiona filamu. Aliweka nyoka, mapanga na mizimu kwa kadiri alivyoona kutavuta watu. Leo mabango hayo yanatundikwa katika majumba ya sanaa ya Marekani na Ulaya, na tunakiri kwamba yanapendeza, maana yana ujasiri na ucheshi ambao mabango ya viwandani hayana. Lakini tumfikirie mtu aliyetoa fedha yake mlangoni ili amwone yule nyoka, akakaa hadi mwisho, na nyoka hakutokea.

Hapo ndipo uhakiki unapoturudia wenyewe. Tazama mabango ya mikutano ya injili katika miji yetu. Uso wa mhubiri umejaza nusu ya kitambaa, suti inang’aa, mkono uko hewani, na maneno makubwa yanamwita mpita njia aje apokee muujiza wake. Msalaba, kama upo, umebanwa pembeni karibu na namba za simu. Hilo ni bango la filamu, tena ni lile lenye nyoka asiyekuwemo. Mgonjwa anakuja, anakaa hadi mwisho, na alichoahidiwa kwenye kitambaa hakikutokea. Yule wa Ghana alipoteza kiingilio. Huyu wetu anaweza kupoteza imani.

Katika kanisa la mjini Wittenberg kuna picha ya madhabahuni, ya mwaka 1547, iliyotoka katika karakana ya Cranach. Sehemu yake ya chini inamwonyesha Luther mimbarani, pembeni kabisa. Mkono mmoja uko juu ya Biblia, wa pili unaonyesha mbele. Upande mwingine wamesimama washarika. Katikati, peke yake, yuko Kristo msalabani. Karakana hiyohiyo iliuza pia picha nyingi za uso wa Luther, kwa hiyo kishawishi hiki si cha leo. Lakini katika picha ile mchoraji alijua mahali pa mhubiri.

Tuna neno pia kwa wakusanyaji. Mwaka 1938 vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zote za Superman kwa dola 130. Kampuni ikatajirika, na wao wakazeeka katika shida, hadi mwaka 1975 walipokubaliwa malipo ya uzeeni ya dola 20,000 kwa mwaka na majina yao yakarudishwa kwenye kazi yao. Mwaka 2012 ile hundi ya kale, iliyokuwa na zile dola 130 pamoja na malipo ya kazi nyingine, iliuzwa mnadani kwa dola 160,000. Karatasi iliyowalipa wafanyakazi ujira mdogo ikawa na thamani kuliko jasho lao. Bwana Yesu anasema katika Luka 10:7 kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake. Mpenzi wa katuni anayempenda shujaa na kumsahau aliyemchora amependa nusu tu, na kanisa linalotumia vipaji vya vijana wake bure kila mwaka, kwa jina la utumishi, lisimcheke.

Lakini katika foleni zile za meza za wachoraji kuna desturi moja iliyotufundisha kuliko tulivyotazamia. Wachoraji wengi wamechoka kuona mchoro waliomchorea mtu kwa furaha unauzwa mnadani baada ya siku chache. Kwa hiyo kabla ya kumaliza humwuliza mtu jina lake, na kuliandika palepale kwenye karatasi: kwa fulani. Mara nyingi bei hushuka. Mfanyabiashara huliona jina hilo kama doa, maana mnunuzi hataki mchoro ulioandikiwa mtu mwingine. Kwa yule aliyepanga foleni, jina ndilo lililoifanya karatasi kuwa yake.

Washarika waliojifunza Katekisimo Ndogo wanakumbuka jinsi Luther anavyolishika neno moja katika mafundisho ya Meza ya Bwana: kwa ajili yenu. Haitoshi kuamini kwamba mwili ulitolewa na damu ilimwagika. Moyo unatakiwa usikie kwamba ilikuwa kwa ajili yake. Injili isiyo na jina lako inaweza kupendwa, kusomewa shahada, hata kuuzwa. Iliyo na jina lako haiuziki, na ndiyo inayookoa. Katika ubatizo tuliitwa kwa majina, na Isaya 49:16 inasema kwamba Bwana ametuchora katika vitanga vya mikono yake. Tofauti na San Diego ni kwamba foleni ya madhabahuni haina malipo mwishoni. Aliyelipa ni yeye anayetoa.

Basi tungemjibuje mama yule leo? Tungemwomba akae na mwanawe, afungue daftari, na amwulize maswali mawili: “Huyu ni nani, na unampendea nini?” Kama kijana angejibu kwamba anampenda kwa sababu ana nguvu za kumpiga kila mtu, hapo pangekuwa na jambo la kuzungumza, na habari ya Mwokozi aliyeshinda bila kupiga ingepata mlango. Kama angejibu kwamba anapenda jinsi kivuli kinavyokaa chini ya kidevu, tungemshukuru Mungu aliyempa macho, na kumwomba amalizie zile amri saba.

Mwaka uliopita tulimwuliza mama kama daftari bado lipo. Alisema alilichoma siku ileile, “kwa sababu Mchungaji alisema.” Hatukuwa na la kujibu. Tulimtafuta kijana, ambaye sasa ana karakana ndogo ya kuchora vibao vya maduka. Alitusalimu, “Shikamoo, Mchungaji,” tukaitikia, kisha tukamwomba msamaha. Akasema, “Ni mambo ya zamani hayo,” akaendelea kuchanganya rangi. Hatujui kama ametusamehe.

Kabla ya kuondoka tulimwomba atuchoree bango la sikukuu ya mavuno. Akauliza usharika utalipa kiasi gani. Tukakubaliana bei, na mtunza hazina akalipa. Bango lina ndizi, mahindi, kuku aliyefungwa miguu, na msalaba katikati. Hakuna uso wa mchungaji. Chini pembeni, kwa herufi ndogo, tulimwomba aandike jina lake.