Mshindani wa kahawa yuko Kwa Sadala

Mkulima wa Masama, mkoani Kilimanjaro, anapopanga msimu, haangalii tu nani atanunua kahawa yake. Anapima mbuni dhidi ya mgomba, maana yote miwili imo katika kihamba kimoja, shamba linalozunguka nyumba yake. Mkungu wa ndizi za mshare ukikatwa alfajiri, asubuhi hiyohiyo unaweza kuwa sokoni Kwa Sadala, kando ya barabara kuu ya Moshi–Arusha, na kabla ya jioni pesa yake imeshageuka sukari, sabuni na daftari la mtoto. Kahawa iliyochumwa siku hiyo itamenywa, ivundikwe, ioshwe, ianikwe, ipelekwe chamani, ikobolewe na kupigwa mnada, ndipo malipo yake yakamilike.

Kwa miaka thelathini vyama na kampuni za kahawa Kilimanjaro zimeshindana kwa mikakati ya kila aina. Mingi ilijibu vizuri swali la nani atanunua. Swali la nani ataendelea kulima halikupewa uzito uleule, na hapo ndipo mlima ulipopoteza mibuni yake.

Ukiritimba uliokwisha

Wakulima wadogo waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925 ili kulinda haki yao ya kulima kahawa mbele ya walowezi. Mwaka 1933 nafasi yake ikashikwa na KNCU, chama kikuu ambacho baadaye kilipewa nguvu ya sheria: kahawa yote ya Mchagga ipitie kwake. Mwaka 1937 wakulima walizusha vurugu kupinga ulazima huo. Somo lilikuwa wazi tangu wakati ule, kwamba mteja au mwanachama aliyefungwa kwa amri hajavutwa na ubora wa huduma yako. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, KNCU ikarudi mwaka 1984, na muda si mrefu mazingira yakabadilika kabisa. Mwaka 1989 mfumo wa mgao wa soko la kahawa duniani ulianguka, na msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini.

Mnunuzi binafsi alikuja na pikapu, mizani na pesa taslimu. Huo ulikuwa mkakati kamili. Hakuahidi malipo ya pili baada ya mnada kama vyama, hakuitisha mkutano mkuu, alilipa hapohapo wakati ada za shule zinadaiwa. Udhaifu wake ulikuwa kwamba mara nyingi alinunua nzuri na mbaya kwa bei moja, hivyo aliyeanika kwa uangalifu hakuona faida ya uangalifu wake.

Njia tatu

Michael Porter wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika kitabu chake cha mwaka 1980, alisema biashara hupata nafasi sokoni kwa kuwa na gharama ndogo kuliko wenzake, kwa kutoa kitu cha pekee ambacho mteja yuko tayari kukilipia zaidi, au kwa kujikita katika kundi dogo la wateja na kulihudumia vilivyo. Anayetaka yote kwa pamoja hukwama katikati. Kilimanjaro njia zote tatu zilijaribiwa kwa zao moja, katika kipindi kimoja.

KNCU ilichagua upekee wa masharti ya biashara. Iliuza sehemu ya kahawa yake kwa wanunuzi wa mfumo wa biashara ya haki, Fairtrade, wakiwamo Cafédirect wa Uingereza. Bei ya New York ilipoporomoka mwaka 2001 hadi chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili, kiwango cha chini cha Fairtrade kwa arabika iliyooshwa kilikuwa senti 126, nyongeza ya maendeleo ya jamii ikiwa imo. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno, ila iligusa tu kahawa iliyopata mnunuzi wa aina hiyo. Iliyobaki ilikwenda mnadani kama kawaida.

Kundi la G32 lilifuata njia ya gharama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vyama vya msingi 32 viliamua kuuza bila kupitia chama kikuu, vikitumia mikopo ya benki ya ushirika ya Kilimanjaro. Hesabu yao ilikuwa rahisi: kila ngazi inayoondolewa kati ya kijiji na mnada hupunguza makato. Bei ya mnada haikubadilika. Kilichobadilika ni kiasi kinachomfikia mkulima.

Kilicafe, chama cha wakulima wa kahawa maalumu kilichosaidiwa na shirika la TechnoServe, kilijikita kwa wakaangaji wachache wanaolipia ladha. Silaha yake ilikuwa kiwanda cha kati cha kumenya, ambacho wakulima hukiita CPU. Ukimenya nyumbani, jirani mmoja huvundika saa 24, mwingine huacha hadi siku ya tatu. Mmoja ana maji safi ya mfereji, mwingine maji yamepungua. Kahawa hizo zikikutana katika gunia moja, punje chache zilizovunda kupita kiasi huharibu ladha ya kikombe kizima. Kiwandani matunda mekundu humenywa siku ileile, huvundikwa pamoja na kuanikwa juu ya vichanja. Lakini mashine hudai maji, mkopo na matunda ya kutosha. Mbuni huzaa sana mwaka huu, mwaka ujao ukapumzika, ilhali rejesho la benki halipumziki.

Japani inatufundisha jambo jingine. Huko jina Kilimanjaro linathaminiwa sana, lakini kanuni zao zinaruhusu karibu arabika yote ya Tanzania iitwe hivyo, hata iliyotoka Mbinga au Mbozi. Sifa iko mlimani, faida imegawanywa nchi nzima. Upekee usio na mipaka unayoilinda hauwezi kukupa bei peke yako.

Mizani ya mkulima

Sasa rudi kwenye kihamba. Kwa mila, pesa ya kahawa imekuwa ya baba. Ndizi na maziwa, za mama. Anayechuma na kuanika kahawa mara nyingi ni mama. Nguvu zake zikikosa malipo upande mmoja, atazipeleka upande mwingine, na hakuna cheti cha ubora kitakachomzuia.

Msimu wa 2018/19, serikali ilipoelekeza kahawa ya wakulima ikusanywe kupitia AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, mnunuzi wa pikapu aliondoka. Mgomba ulibaki. AMCOS ikidhani sasa haina mshindani, itarudia kosa la KNCU la 1937.

Kwa hiyo chama kichague kwa kuangalia kilipo. Kijiji cha juu chenye mfereji usiokauka na kahawa ya mwinuko kina sababu ya kujenga CPU na kutafuta wakaangaji wachache. Kijiji cha chini kinafaa kushindana kwa gharama: kipande miche ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungu, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, kipunguze dawa, kipunguze makato. Vyote viwili vilipe kwa madaraja pale pale kahawa inapopokelewa, malipo ya kwanza yawe makubwa na ya haraka kadiri mkopo unavyoruhusu, na yaingie kwenye simu ya aliyeleta mzigo, awe baba au mama.

Vyama vingi hupima mkakati kwa bei ya mnada wa Moshi. Naviomba vipime pia kwa hesabu ya mibuni iliyopandwa upya kila mwaka. Idadi hiyo ikipanda, mkakati umeshinda. Ikishuka, bei nzuri ya msimu mmoja haitauokoa.