Jalada na maneno ya nyuma: namna ya kupima hadithi za sayansi katika inchi ya Shinkolobwe

Wale wanaochunga vitabu vya vijana, wakiwa mapadri, mafratri ao makatekista, wanaulizwa mara nyingi: «Kitabu hiki ni kizuri?» Na yule anayeuliza hajakisoma. Ameona jalada tu, na maneno machache yaliyopigwa chapa nyuma yake. Tena siku hizi pengine kitabu chenyewe hakijatoka bado. Wachapaji wa Marekani na Uingereza wana desturi ya kuonyesha sanamu ya jalada na maneno ya nyuma miezi mingi mbele ya kuuza kitabu. Wanafanya hivi hasa kwa hadithi za sayansi zinazofuata filme na michezo ya televizyo: hadithi za nyota, za vyombo vinavyoruka mbinguni, za inchi zisizo katika ramani. Wapenzi wa hadithi hizo hawangoji. Wanatazama nani amesimama mbele katika sanamu na nani amewekwa nyuma. Wanatazama nguo, silaha, rangi ya mbingu. Wanasoma maneno ya nyuma neno kwa neno, kisha wanabishana.

Wengine watasema huo ni mchezo wa watoto. Sisi tunaona ni kazi ya akili, na inafaa kuichunguza. Tutaonyesha kwanza jalada ni kitu gani. Kiisha tutapima vitabu vichache. Mwisho tutasema neno moja linalotuhusu sisi watu wa Likasi kuliko wengine.

I. Jalada ni ahadi

Mwaka 1907 mwandishi mmoja wa Marekani, Gelett Burgess, alitaka kuwachekesha wauza vitabu. Juu ya jalada la kitabu chake alitia sanamu ya mwanamke anayepaaza sauti ya kukisifu kitabu kile, naye akampa jina la mzaha. Jina lile limebaki mpaka leo katika Kiingereza kuwa jina la maneno yote ya sifa yaliyo juu ya jalada. Basi tangu kuzaliwa kwake jina hili linatuonya: ni sauti ya sokoni.

Lakini sauti ya sokoni si uongo sikuzote. Mama anayeuza bidhaa zake hufunua kapo, huonyesha nyanya za juu. Zikiwa nzuri juu na chini, ametimiza ahadi. Zikiwa nzuri juu tu, siku ya pili hatumfikii. Jalada nalo ni vile. Tupime ahadi kwa kitabu, wala si kitabu kwa ahadi.

Tukumbuke tena kama mwandishi, mara nyingi, hakuandika maneno ya nyuma wala hakuchora sanamu. Maneno ni ya watu wa mchapaji, na pengine yameandikwa wakati kitabu hakijamalizika. Sanamu ni ya mchoraji mwingine. Na katika vitabu vinavyofuata filme kuna bwana wa ine: kompani yenyi filme, ambayo inapaswa kukubali kila jambo mbele ya kuchapa. Wapenzi wa hadithi hizo wanajua haya yote, na katika hayo wana akili kuliko wahakimu wengi: hawampigi mwandishi kwa kosa la mchoraji.

Wana upungufu mmoja lakini. Wanauliza sana: Sanamu inapatana na filme? Nguo hii ni ya mwaka gani wa hadithi? Wanauliza mara chache: Sanamu inapatana na watu? Ulizo hili la pili ndilo letu.

II. Ahadi iliyotimizwa

Tuchukue mfano mzuri kwanza. Mwaka 1966 mchezo wa Star Trek ulianza katika televizyo ya Marekani. Mmoja wa wasafiri wa chombo kile ni bibi mwenyi ngozi nyeusi, Uhura, aliyechezwa na Nichelle Nichols (alikufa mwaka 2022). Jina lake ni mtoto wa lugha yetu: Nichols alikuwa na kitabu cha Robert Ruark juu ya Kenya, kinachoitwa Uhuru, kilichotoka 1962, na katika neno lile wakafanyiza jina. Msomaji wa Kiswahili anapoliona juu ya jalada anafurahi, kama mtu anayesikia jina la mji wao katika inchi ya mbali.

Furaha hiyo si hukumu. Jina la kwetu laweza kuwa rangi tu. Lakini mwaka 1985 Janet Kagan alitoa kitabu cha Uhura's Song, maana yake Wimbo wa Uhura. Jina la kitabu linaahidi wimbo. Ndani tunakuta taifa moja linalokufa kwa tauni. Uhura ana rafiki katika taifa lile, na zamani walifundishana nyimbo. Katika nyimbo za kale, zile ambazo watu wanaona haya kuziimba mbele ya wageni, imefichwa habari ya inchi ya mababu; na katika inchi ile ndimo wanapata dawa.

Angalia vizuri. Mwandishi hakumpa Uhura bunduki kubwa kusudi aonekane shujaa. Amempa masikio na kumbukumbu. Wimbo ulioahidiwa juu ya jalada ndio unaofungua njia. Ukiuondoa, hadithi yote inaanguka. Hapo ahadi imetimizwa. Na msomaji wa Katanga, ambaye babu zake waliweka habari za jamaa na za njia katika nyimbo, anafahamu jambo hili upesi kuliko msomaji wa New York.

III. Metali isiyo na inchi

Sasa tuje karibu na nyumbani. Mwaka 1914 Mwingereza H. G. Wells aliandika hadithi yenyi mabomu ya atomi, ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameyaona. Mwaka uliofuata, 1915, Robert Sharp wa Union Minière alikuta uraniumu Shinkolobwe, karibu na Likasi. Kazi ya kuchimba ilianza mwaka 1921. Radiumu ilitengenezwa Olen katika Ubeleji. Mwaka 1940 mkubwa wa kompani, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,200 za mawe yale New York, na mwezi wa kenda 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Mwezi wa nane 1945 Hiroshima na Nagasaki ziliungua.

Wabeleji, waliokuwa mabwana wa Shinkolobwe, waliandika nini katika hadithi zao za sayansi? Mwaka 1943, Wadachi wakiwa wangali Bruxelles, Edgar P. Jacobs alichora Le Rayon U katika gazeti la Bravo. Ni safari ya kutafuta metali yenyi nguvu kupita zote, inayoitwa uradiumu, katika visiwa vilivyobuniwa. Mwaka 1950 Hergé alianza kuchora safari ya Tintin kwenda mwezini. Kitabu cha Objectif Lune kilitoka 1953. Sanamu ya jalada inajulikana dunia yote: rokete yenyi miraba myekundu na myeupe. Na uraniumu ya kazi ile inatoka wapi? Katika milima ya Syldavia, inchi ya Ulaya ambayo Hergé aliibuni.

Tuwe watu wa haki. Hergé alikuwa na ruhusa ya kubuni. Inchi ya kubuni inampa mwandishi nafasi, wala haimkasirishi waziri yeyote. Kazi ya kuchora ni safi, na mambo ya rokete yamechunguzwa kwa bidii. Lakini mwaka 1950 uraniumu ya Kongo haikuwa siri tena katika Ubeleji. Mchoraji aliyempeleka Tintin Kongo miaka 20 mbele, kwa kuwinda wanyama na kuwacheka watu, hakukumbuka Kongo siku alipohitaji metali. Kongo ilikuwa na simba na twiga juu ya majalada yake. Madini yake yakapewa Syldavia. Basi jalada la Objectif Lune halisemi uongo. Linanyamaza tu, na kitabu kinanyamaza pamoja nalo. Mhakimu wa vitabu anapaswa kusikia hata kunyamaza.

Tena majalada yanaweza kufikishwa mbele ya waamuzi. Kwa Tintin au Congo, Mkongomani Bienvenu Mbutu Mondondo alishtaki katika Bruxelles kuanzia mwaka 2007. Alitaka kitabu kikatazwe, ao kitiwe maneno ya kuonya wasomaji. Mwaka 2012 waamuzi walikataa. Mwaka 2023 kitabu kilichapwa upya kikiwa na jalada jingine na maneno ya utangulizi yanayoeleza nyakati zile. Ona nguvu ya karatasi moja: kile ambacho mahakama haikuagiza, wachapaji wenyewe walikifanya baadaye kwa sehemu.

IV. Siri mbili

Hadithi ambayo vijana wetu wanaitaja zaidi ni ya Wakanda. Stan Lee na Jack Kirby waliileta mwaka 1966. Filme ya Ryan Coogler ilitoka mwaka 2018, na vitabu vikaizunguka. Jesse J. Holland aliandika Who Is the Black Panther? (2017), akakusanya hadithi za waandishi wengi katika Tales of Wakanda (2021). Nic Stone aliandikia vijana Shuri (2020), habari ya binti wa mfalme, mjuzi wa sayansi, ambaye anatoka pamoja na rafiki yake kutafuta namna ya kuponya majani yanayowapa wafalme nguvu.

Kuna wema hapo, nao si mdogo. Mtoto wa Likasi anaona Mwafrika amesimama mbele katika sanamu, wala habebi mzigo wa mtu. Anaona msichana mwenyi kushika vyombo vya sayansi. Baba mmoja akisema, «Hiyo inatosha», hatutamcheka.

Lakini haitoshi. Wakanda ina metali, vibraniumu, iliyoanguka kutoka mbinguni. Mataifa yote yangeitaka. Wakanda imeficha, ndiyo maana imebaki huru na tajiri. Mtoto wa Shinkolobwe atasoma nini hapo? Atasoma kama inchi yenyi akili huficha mali yake, na inchi iliyonyang'anywa ilikosa akili. Atawahukumu babu zake.

Kumbe Shinkolobwe nayo ilikuwa siri. Wakati wa vita jina lake lilifichwa sana. Tofauti ni hii: siri ya Wakanda inashikwa na wenyi inchi mbele ya wageni, siri ya Shinkolobwe ilishikwa na wageni mbele ya wenyi inchi. Wale waliochimba na kupakia mawe hawakuambiwa ni kazi ya nini wala yana hatari gani. Wajuzi walipotafuta majina ya mawe mapya ya hapa, moja liliitwa sharpite kwa ajili ya Sharp, jingine sengierite kwa ajili ya Sengier. Mchimbaji hakupewa jiwe.

Filme ya 2018 inaisha kwa kumwonyesha mfalme T'Challa akisema mbele ya Umoja wa Mataifa huko Vienna kwamba Wakanda itafungua milango yake. Mji uleule una Shirika la Nguvu za Atomi tangu mwaka 1957. Hapo msomaji wetu anaweza kuweka kitabu chini na kukumbuka. Shimo la Shinkolobwe lilifungwa mwaka 1960. Baadaye watu maskini walirudi kuchimba kwa mikono, wakitafuta kobalti. Mwezi wa kwanza 2004 serikali ilikataza. Mwezi wa saba shimo liliporomoka na watu wanane wakafa. Umoja wa Mataifa ukatuma wajuzi mwaka uleule. Katika hadithi, mfalme anakwenda Vienna akiwa na mali mkononi. Katika Katanga, wajuzi walikuja watu wakiisha kuzikwa.

Hatusemi vitabu vya Wakanda ni vibaya. Tunasema vinaahidi heshima, na heshima vinaitoa. Lakini heshima yao ni ya watu wasioshindwa kamwe. Kwa mtu aliyeshindwa bila kosa lake hawana neno kubwa.

V. Namna ya kuvitumia

Basi mwenyi kuchunga vitabu asifunge kabati kwa hofu, wala asigawanye kwa upofu. Kijana akileta sanamu ya jalada la kitabu kinachokuja, wakae wote wawili waulizane maulizo matatu. La kwanza: Jalada linaahidi nini? Waiandike ahadi ile kwa maneno machache. La pili, kitabu kikiisha kusomwa: Ahadi imetimizwa, na kwa njia gani? La tatu: Nani anashika siri katika hadithi hii, na nani anafichwa?

Wakiisha kujibu, kuna zoezi jingine. Mwalimu awaambie vijana wachore jalada la hadithi ya sayansi ambayo inaanzia Shinkolobwe, na waandike maneno ya nyuma kwa Kiswahili, mistari mitano tu. Wengi wataanza na lile wingu kubwa la Hiroshima, kwa sababu wameliona pahali pengi. Mwalimu asikasirike. Awaulize tu: Wingu lile lilionekana wapi? Na hapa kwetu, siku ile, watu waliona nini? Waliona magunia, treni, na mshahara mdogo. Mchoraji anayeweza kutia gunia moja mbele ya jalada, na kumfanya msomaji aogope gunia lile kuliko wingu, huyo amekwisha kufahamu hadithi yake. Maneno ya nyuma yatamfuata bila shida.