Mraba wa Urefu: Namna CGAL Inavyopima Wavu wa Pembetatu

CGAL ni maktaba ya programu za jiometri iliyoandikwa kwa lugha ya C++, na ujenzi wake ulianza mwaka 1996 kwa ushirikiano wa vyuo na taasisi za utafiti za Ulaya na Israeli. Miongoni mwa zana zake zimo funksheni za kupima wavu wa pembetatu, yaani umbo lolote lililofunikwa kwa pembetatu zilizoshonwa ukingo kwa ukingo: urefu wa ukingo, mzingo, eneo la uso, ujazo. Kanuni zake ni zile za shule ya sekondari, na programu ya kuzikokotoa haizidi mistari michache. Kazi ngumu ilikuwa kuamua kila funksheni imwahidi nini mtumiaji: lini jibu ni kamili, lini ni kadirio, na lini swali lenyewe halina jibu. Katika hilo wasanifu walifanya chaguo moja ambalo naliona bora kuliko yote, na jingine ambalo naona limeacha pengo.

Chaguo bora linaonekana mahali pasipotarajiwa. Pamoja na funksheni ya urefu wa ukingo ipo nyingine inayorudisha mraba wa urefu huo, na vivyo hivyo kwa eneo la uso. Sababu yake imo katika aina ya namba. CGAL humruhusu mtumiaji kuchagua namba zitakazobeba viwianishi vya ncha: anaweza kutumia desimali za kawaida za kompyuta, au sehemu kamili, ambamo theluthi hubaki theluthi bila kukatwa. Sehemu ukizijumlisha, ukizitoa, ukizizidisha au ukizigawanya, unapata sehemu nyingine. Kipeuo cha pili ndicho kinachouvunja utaratibu huo: ukingo unaotoka (0,0,0) kwenda (1,1,0) una urefu wa kipeuo cha pili cha 2, namba isiyoandikika kama sehemu. Mraba wake ni 2 tu. Ujazo nao huepuka mtego huo, kwa sababu hupatikana kwa kuunganisha kila pembetatu na nukta moja ya marejeo, kuzidisha na kutoa viwianishi, kisha kugawa kwa 6. Hivyo ujazo wa umbo zima unaweza kujulikana bila kosa hata kidogo, huku urefu wa ukingo mmoja wa umbo hilohilo ukibaki kadirio. Maelezo rasmi ya maktaba yanalitamka hilo waziwazi: aina ya namba isipokuwa na kipeuo, kipeuo kitakadiriwa.

Mtu atauliza: nani anapima kwa miraba? Fundi anataka mita. Swali ni halali, na ndiyo maana funksheni ya urefu wa kawaida ipo pia. Lakini ndani ya programu urefu mara nyingi hautafutwi ili usomwe. Hutafutwa ili ulinganishwe. Ukingo upi ni mfupi zaidi? Huu umezidi kikomo cha kukatwa? Kwa maswali hayo mraba hutosha na haudanganyi, ilhali makadirio mawili yanayokaribiana yanaweza kugeuza uamuzi. Kinga hiyo ina mpaka wake: eneo la wavu mzima, au mzingo, ni jumla ya vipeuo, na kuijumlisha miraba hakuleti mraba wa jumla. Kulinganisha jumla mbili za vipeuo ni tatizo ambalo hadi leo haijathibitishwa kama lina njia ya haraka kwa kila hali.

Anayetumia desimali za kawaida ana hatari nyingine. CGAL hupima ujazo kutoka nukta (0,0,0). Kihisabati mahali pa nukta hapabadilishi jibu la wavu uliofungika. Kompyuta haioni hivyo. Chukua rundo la kokoto Dar es Salaam katika ramani ya UTM, ukanda wa 37 kusini: viwianishi vyake ni karibu mita 530,000 na 9,250,000. Zidisha hizo mbili upate takribani trilioni 4.9, na katika ukubwa huo desimali za biti 64 huachana kwa 1/1024. Zidisha pengo hilo kwa kimo cha mita 100, unakaribia sehemu ya kumi ya mita ya ujazo kabla ya kugawa kwa 6, na hiyo ni pembetatu moja tu kati ya maelfu. Tiba ni rahisi: toa viwianishi vya ncha mojawapo kwenye ncha zote kabla ya kupima. Namba mbili zinazokaribiana hutoana bila kosa jipya, kwa hiyo uhamisho huo hauharibu kitu.

Pengo ninalolilaumu ni la wavu wenye tundu. Ujazo wake hauna maana, na maktaba inataka wavu ufungike. Ila ukaguzi huo huzimwa programu inapojengwa kwa matumizi ya kasi, na hapo funksheni hurudisha namba bila kulalamika. Watetezi husema ukaguzi unagharimu muda. Lakini kuzipitia kingo mara moja ni kazi ya kiwango kilekile na kuzipitia pembetatu ili kupata ujazo. Hoja ya kasi ingekuwa na uzito kama ukaguzi ungekuwa mzito kuliko kazi yenyewe. Alama ya jibu, kinyume chake, wameiacha ilivyo, nao wamefanya vema: ujazo hasi humwambia mtumiaji kwamba nyuso zake zinatazama ndani, na kuifuta alama hiyo kungeficha kasoro. Basi wewe unayeitumia funksheni hii, hamisha wavu karibu na nukta (0,0,0), kagua mwenyewe kama umefungika, na usiifute alama ya hasi kabla hujajua imetoka wapi.