Gesi ya Friji Haiishi, Inavuja

Friji yangu hapa Segerea ilijazwa gesi mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Kila fundi alisema gesi "imeisha". Neno hilo ndilo linalotupoteza. Gesi ya friji si petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa: kompresa inaisukuma, inaachia joto mgongoni mwa friji na kuwa kimiminika, inapenya kwenye kapilari (kibomba chembamba sana), kisha inachemka kwenye friza na kubeba joto la chakula. Ikipungua, pana tundu.

Fundi wa tatu alianza kwa kusoma kibandiko. R600a, yaani isobutani, gramu 55. Huyo ni ndugu wa gesi ya kupikia, na hushika moto, kwa hiyo friji ilitolewa uani kwanza. Mtungi wa kuchomelea haukuguswa mpaka gesi ilipotoka yote na mabomba kupulizwa nitrojeni.

Waliomtangulia walipaka povu la sabuni kwenye friza friji ikiwa inanguruma. R600a ikichemka kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, presha yake ni ndogo kuliko ya hewa ya nje. Tundu la upande huo halitoi povu hata kidogo. Linanyonya hewa na unyevu.

Yeye aliutenga mfumo: friza peke yake, upande wa presha kubwa peke yake. Kila upande aliujaza nitrojeni kavu, akaufungia geji. (Oksijeni asiitumie mtu yeyote kwa kazi hii. Ikikutana na oili ya kompresa inaweza kulipuka.) Tukangoja. Mshale wa friza haukusogea hadi jioni. Wa upande wa pili ulikuwa umeshuka kabla ya adhuhuri, na mabomba yote yanayoonekana yalipopakwa sabuni hayakutoa povu.

Likabaki bomba la chuma linalozunguka fremu ya mlango, lililofichwa ndani ya foamu. Kazi yake ni kuipasha fremu moto ili isitoe jasho. Kutu ya unyevu wetu wa pwani ilikuwa imelitoboa.

Friji ya jirani yangu inatumia R134a. Hiyo haishiki moto kirahisi, lakini kilo moja ikitoroka hupasha dunia joto sawa na kilo 1,430 hivi za hewa ukaa katika miaka 100. Ndiyo maana Oktoba 2016 mataifa yalikubaliana mjini Kigali kuipunguza familia yake. Kujaza bila kuziba ni kuiachia angani kwa malipo.

Kulifikia bomba langu kungemaanisha kuibomoa friji. Fundi aliliacha humo humo, akaunganisha mabomba ya mgongoni moja kwa moja na draya mpya (kichujio kinachonyonya unyevu), akavuta vakyumu, akapima gesi kwenye mizani ya gramu, pungufu kidogo ya kibandiko kwa kuwa njia imefupika. Friza inagandisha. Fremu ya mlango sasa inatoa jasho, naifuta kwa kitambaa kila asubuhi.