BitTorrent: Mbegu Ilivyowafungulia Mlango Wadoezi

Kanuni ya nipe nikupe ndiyo moyo wa BitTorrent, programu ya kugawana faili ambayo Bram Cohen aliitoa mwaka 2001. Anayepakua huwafungulia wenzake wachache, kwa kawaida wanne, wanaompa data kwa kasi kuliko wengine, na waliobaki huwabana. Hesabu hupigwa upya kila sekunde 10. Kila sekunde 30 bahati humwangukia mmoja ili hata mgeni asiye na kipande cha faili apate pa kuanzia. Sehemu hiyo haina doa. Kosa liko pale mtu anapomaliza kupakua, na ni kosa zito.

Aliyemaliza huwa mbegu. Ana faili zima, hapokei chochote tena, kwa hiyo hana kasi ya kupokea ya kuwapimia wenzake. Cohen aliamua kwamba hapo mbegu iwapendelee wale inaoweza kuwatumia data kwa kasi zaidi, na katika makala yake ya 2003 akaitetea hatua hiyo: uwezo wa kupakia hautalala bure, na wasiohudumiwa na wengine watafikiwa. Utetezi huo unaangalia wingi wa data inayotoka. Hauulizi inakwenda kwa nani.

Chukua kundi la enzi hizo lenye mbegu moja na wapakuaji ishirini. Mmoja wao ana laini nene na amezima kupakia kabisa. Kwa wenzake amebanwa, anaambulia zamu za bahati tu. Kwa mbegu mambo ni tofauti: laini yake inapokea haraka, hivyo anapanda juu ya orodha, na kila hesabu inapopigwa upya anakutwa palepale. Mwenye laini nyembamba anayetoa kila alichonacho hapati nafasi, kwa sababu mbegu haikioni anachotoa. Tena kipande kinachomfikia mdoezi huishia kwake. Nakala ya kwanza ikiwa bado haijasambaa, kila kipande kinachopotelea huko kinawachelewesha wote kumi na tisa waliobaki.

Jambo hili linauma zaidi kwa sababu dawa ilikuwa karibu. Mbegu nyingi zilikuwa wapakuaji muda mfupi kabla, na zilijua vizuri nani alizipa na nani alizinyima. BitTorrent iliitupa kumbukumbu hiyo dakika ileile ya kumaliza. eMule, programu nyingine ya kugawana faili iliyoanza 2002, iliitunza: kila kompyuta iliandika nani ameipa kiasi gani, na mfadhili wake aliporudi foleni ilimsogeza, hadi mara kumi ya kawaida. Foleni za eMule zilikuwa ndefu, lakini daftari lilikaa kwa aliyepokea, ambaye hana sababu ya kudanganya. Mtandao mwingine, Kazaa, uliiacha alama ya mchango kwenye kompyuta ya mtumiaji mwenyewe, na Kazaa Lite, toleo lake lisilo rasmi, ikawa inatangaza 1000 kwa kila mtu. Hayo yalitokea wakati utafiti wa Adar na Huberman wa mwaka 2000 ulikuwa umeshaonyesha kwamba karibu asilimia 70 ya watumiaji wa mtandao wa Gnutella hawakutoa faili hata moja.

Toleo la 4.0.0 la programu rasmi ya BitTorrent lilibadili utaratibu: mbegu ikaanza kugawa muda sawa kwa zamu, bila kujali kasi. Vipimo vya mtafiti Legout na wenzake, vya mwaka 2006, vilithibitisha kuwa muda unagawika sawasawa na mdoezi mwenye kasi hawezi tena kuihodhi mbegu. Kwa mbegu ya kwanza, ambayo haijapokea kwa yeyote, huo ndio utaratibu sahihi. Kwa nyingine, mtoaji na mnyimaji bado wanapata fungu lilelile, na mwaka huohuo watafiti wa Zurich walionyesha kwa programu yao BitThief kwamba faili zima linapakuliwa bila kutoa kitu. Traka za faragha, yaani seva za wanachama zinazowakutanisha wapakuaji, zilijaribu kuziba pengo kwa kudai uwiano wa kupakia na kupakua, ila takwimu zake huletwa na programu ya mtumiaji mwenyewe, yaani kosa la Kazaa limerudi.